Kutoka omo hadi tezi: siku tatu mferejini na mama

Ijumaa jioni, Gayton, Uingereza

Mama alisimama kwenye gati la mbao, mikono kiunoni, akaitazama boti kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), akarudia kutoka tezi hadi omo. Kisha akatoa hukumu: "Baba, hiki si chombo. Hili ni behewa la treni limeangukia majini."

Shemeji akacheka. Kiswahili chake ni cha kuungaunga, lakini neno "treni" alilidaka. Ni Mwingereza wa Northampton, fundi umeme, mume wa dada yangu, na tangu nimfahamu sijamsikia akizungumzia jambo lolote kwa dakika kumi mfululizo isipokuwa boti hii. Aliinunua kuukuu, akaifumua yote na kuipanga upya kwa mikono yake. Sasa mama mkwe wake kaja kutoka Pangani kwa miezi mitatu, na shemeji kaapa kwamba hatarudi nyumbani kabla ya kupandishwa. Tatizo ni kuwa mama ni binti wa nahodha. Babu alikuwa na jahazi lililobeba nazi na boriti kati ya Pangani, Unguja na Pemba. Mama alilelewa na watu wanaounusa upepo kabla haujafika. Umpeleke mtu huyo kwenye mfereji ambao akianguka atasimama na maji yamfike kifuani?

"Maji haya hayajai wala hayapwi?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Haya ni maji mafu, basi. Tena mafu ya milele."

Vipimo vya chombo: urefu futi 57, upana futi 6 na inchi 10. Ndiyo, huo ndio upana. Nikisimama katikati na kunyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Ubaya huo wa umbo una asili yake. Mafundi wa kwanza wa mifereji, James Brindley na wenzake wa miaka ya 1760, walijenga njia nyingi za katikati ya Uingereza kwa milango ya maji yenye upana wa futi 7 hivi, kwa kubana gharama na maji. Aliyetaka kupita akachonga boti ya kipimo hicho. Zaidi ya miaka 250 imepita na shemeji bado anamtii Brindley, hata vikombe vyake vimepangwa kwa kumtii Brindley.

Lakini kilichonikosesha amani mimi ni ukwe. Mama ni mtu wa kale. Mkwe kwake ni mtu wa kumheshimu kwa mbali: hali naye meza moja, hamkodolei macho, na wakikutana ukumbini mmoja hupisha. Sasa utampisha nani ndani ya futi 6 na inchi 10, ambamo kabati limekula nusu? Dada alilipanga jambo hili kama mkutano wa mabalozi. Omo ni ya mama: kitanda, mlango wake mwenyewe, na kijibaraza cha mbele cha kukaa. Tezi ni ya mkwe, maana injini na usukani viko huko, na chumba chao kiko huko. Jikoni na choo ni mpaka. Mimi na mpwa wangu wa miaka kumi tukapewa meza ya kulia inayokunjwa kuwa kitanda, katikati, kama askari wa forodha.

Kuhusu choo nitasema kidogo tu. Chini yake kuna kopo kubwa linalochomolewa, lina magurudumu na mkono kama begi la safari, na kila baada ya siku chache mwanamume wa boti hulikokota kwa heshima zote hadi kituo cha kumwagia. Mama alipomwona jirani mmoja akipita gatini na lake, alimwitikia salamu akamtakia safari njema.

Jua linagoma kuzama. Ni mwisho wa Mei, na magharibi inaingia saa tatu usiku na dakika zake. Mama alitandika msala omo na kuuliza kibla. Nikamwonyesha kwa simu. Aliridhika na kitu kimoja: boti imefungwa kwa kamba mbili, mbele na nyuma, haizunguki kama jahazi lililotia nanga moja. "Angalau kibla kinatulia," alisema.

Jumamosi asubuhi, kuelekea Blisworth

Maandazi na mbaazi za nazi kwenye jiko la gesi la mafiga matatu. Harufu ilitoka dirishani ikatembea juu ya maji, na majirani wawili wakapata sababu ya kuja kuuliza hali ya hewa.

Saa tatu na robo tuling'oa nanga. Neno hilo ni zito kuliko tendo lenyewe: mpwa wangu alifungua kamba, nikaisukuma omo kwa mguu, injini ya dizeli ikaanza wimbo wake wa tuku-tuku-tuku, na gati likaanza kurudi nyuma taratibu mno hata nikadhani ni macho yangu. Sheria hapa ni maili 4 kwa saa, zisizidi. Tena ukipita boti zilizofungwa kando unapunguza hadi injini inapumua tu, usije ukawamwagia watu chai. Mzee mmoja alikuwa akitembea na mbwa kwenye ile njia ya kandokando. Alitupita. Mama, kutoka kibarazani kwake, alimpungia mkono kama mtu anayeaga meli ya Bombay.

Niko tezi na shemeji. Ananifundisha kushika kana, yaani mkono wa usukani wa chombo. Mtu aliyezoea usukani wa gari huvurugikiwa hapa: ukisukuma kana kushoto, omo huenda kulia. Na chombo hakifuati pua, kinazunguka kwenye kitovu chake, kwa hiyo omo ikiingia kona vizuri, tezi nayo iko upande wa pili inafagia matete. Jambo jingine: barabarani Waingereza hupita kushoto, mferejini hupishana kwa kulia. Nilichora nyoka wawili watatu majini kabla ya kunyooka.

Mfereji huu ni Grand Union. Kipande hiki zamani kiliitwa Grand Junction. Bunge liliidhinisha mwaka 1793, mhandisi mkuu akiwa William Jessop, ili kukata njia fupi ya maili 93 kutoka Braunston hadi Brentford, mlangoni mwa London. Kabla ya hapo mzigo wa viwanda vya Birmingham ulizunguka kwa Oxford na mto Thames. Mwaka 1793! Nazidi kujiambia kwamba haya maji yote, hii kona, hiki kijilima cha kando chenye maua meupe, vimechimbwa kwa sepeto na kusombwa kwa toroli. Mkononi mwa binadamu hapakuwa na mashine. Ukikaa humo ndani unasahau, maana matete yameota, bata wana vifaranga, korongo amesimama kwa mguu mmoja kama mlinzi wa benki, na unaona kama Mungu ndiye aliyeuweka mfereji.

Tukapita kijiji cha Blisworth, daraja, ghala kubwa la matofali mekundu lililogeuzwa makazi. Halafu miti ikafunga pande zote mbili, hewa ikawa baridi, na mbele yetu likatokea tundu jeusi kilimani.

Handakini

Shemeji aliwasha taa ya omo, akavaa koti la mvua huku jua likiwaka. Nikamcheka. Baada ya dakika tano sikuwa nacheka.

Handaki la Blisworth lina urefu wa mita 2,813. Ni la tatu kwa urefu kati ya mahandaki ya mifereji ya Uingereza yanayopitika hadi leo. Halina njia ya miguu ndani. Ukiingia unakaa humo zaidi ya nusu saa, na kwa muda mrefu tundu la mbele ni kubwa kama punje ya mtama. Juu yako kuna mashimo ya kuvutia hewa yaliyopanda hadi kileleni, na kila shimo linadondosha maji. Mengine yanatona, mengine yanamwaga kama mtu kakuandalia ndoo. Injini inapiga mwangwi hadi huisikii kwa masikio, unaisikia kwa meno.

Kutoka omo ilikuja sauti ya mama akisoma Ayatul Kursiyu. Ilikuja wazi kabisa, futi 57 za chuma hazikuizuia. Shemeji akapunguza mwendo. Hakuniuliza ni kitu gani.

Halafu taa. Kwanza nilidhani ni mlango wa pili, lakini ilikuwa inacheza. "Boti," shemeji alisema. Handaki hili linatosha boti mbili nyembamba kupishana, kwa hesabu. Kwa moyo ni jambo lingine. Tulijibana kulia hadi ubavu ukakwaruza matofali, wale wakapita kushoto kwetu, nyuso nne zenye kofia za manyoya, wakatusalimia kwa adabu ya watu wanaokutana kwenye lifti. Kisha giza tena.

Hapo ndipo shemeji aliponihadithia. Walianza kuchimba mwaka 1793, na mwaka 1796 kazi ya kwanza iliwashinda kwa maji na mchanga, ikabidi waanze upya kwenye mstari mwingine. Mfereji ulikuwa umekamilika pande zote mbili, kilima peke yake kimebaki katikati kama mfupa kooni. Kwa miaka kadhaa walipandisha mizigo kwa reli ya farasi juu ya kilima na kuishusha upande wa pili, hadi handaki lilipofunguliwa Machi 1805. Farasi aliyevuta boti hakuingia humu. Alipelekwa kwa njia ya juu. Ndani, wanaume wawili walilala chali kwenye mbao zilizotokeza ubavuni na "kutembea" ukutani kwa miguu, hatua kwa hatua, wakiisukuma boti yenye tani za mkaa. Zilipokuja boti za mvuke, moshi ukawa adui mpya: mwaka 1861 mabaharia wawili walikufa humu kwa kukosa hewa. Baadaye handaki likaanza kubomoka, likafungwa, likajengwa upya katikati, na kufunguliwa tena mwaka 1984.

Tulipotoka mwanga ulituchoma macho. Nilipita mpakani kwenda omo. Mama kajifunga khanga mbili kichwani, uso umelowa.

"Mkwe wangu kalowa?" aliuliza.

"Kalowa chapachapa, mama."

"Mpelekee khanga."

Nikapeleka. Shemeji alijifuta nayo kichwa na kuifunga shingoni, na ilikaa hapo hadi jioni. Iliandikwa USINIONE NIMENYAMAZA.

Jumamosi mchana, Stoke Bruerne

Hapa ndipo mahali pa watu wote: nyumba za mawe zenye paa za nyasi, baa kandokando ya maji, watoto na aiskrimu, na ghala la zamani la kusagia nafaka ambalo tangu mwaka 1963 ni makumbusho ya mfereji. Shemeji alisema ana kazi ndogo baa. Mama akasema aende tu, na akatazama upande mwingine kwa muda unaotosha kumaliza bia moja. Huo ndio ukwe wenyewe.

Makumbusho nitayapita haraka ila sehemu moja. Kuna kabini ya boti ya mizigo, futi 10 kwa futi 7, jiko la makaa mlangoni, kabati ambalo mlango wake ukiulaza ni meza, kitanda kinachotoka ukutani. Kuta zimechorwa mawaridi na makasri, sahani zenye matundu ya nakshi zimetungikwa kwa utepe. Humo aliishi baba, mama na watoto wote aliowajalia Mungu. Reli ziliposhusha bei ya usafirishaji karne ya 19, mabaharia wengi hawakumudu tena nyumba ya nchi kavu, wakahamishia familia botini. Watoto wengi hawakusoma, maana shule haitembei. Hapa Stoke Bruerne kulikuwa na muuguzi, Mary Ward, aliyewatibu watu hao kwa miaka mingi, na wao wakifunga safari kumfuata kutoka mbali.

Mama alisimama mbele ya kabini hiyo muda mrefu. Akaingiza kichwa. Akapapasa sahani kwa jicho. "Huyu alikuwa na nyumba safi," alisema hatimaye. Sijui alimtaja nani. Hapakuwa na jina. Halafu akaniuliza mwanamke alijifungulia wapi. Nikasema humo humo, wengine. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari za jamaa.

Yuko tofauti tangu hapo. Tuliporudi botini hakuenda omo. Alisimama kwenye njia, kando ya milango ya maji, na kusema anataka kuona.

Milango saba

Loki, maana huku hakuna anayeiita vingine, ni chumba cha matofali kilichozama mferejini, kina milango mizito ya mbao juu na chini. Stoke Bruerne ziko saba, na zinakushusha futi 56. Kwa kuteremka unahitaji chumba kijae. Unaingia, unafunga milango ya nyuma yako, kisha kwenye milango ya mbele unafungua vilango vidogo vilivyo chini ya maji. Maji yanatoka, unashuka nayo.

Kifaa ni kimoja: chuma cha umbo la L chenye tundu la mraba mwishoni, kama mkono wa jeki ya lori. Wanauita ufunguo. Unautia kwenye ncha ya mtambo, unazungusha, na upau wenye meno unapanda kra-kra-kra huku kilango kikinyanyuka gizani huko chini. Shemeji alikuwa na funguo mbili. Moja alinipa mimi. Ya pili mama alinyoosha mkono, mkwe akasita, akautia kiganjani mwake kwa mikono miwili. Dada alinitazama. Nikatazama bata.

Loki za Grand Union ni pana, futi 14, kwa hiyo boti mbili nyembamba huingia ubavu kwa ubavu. Tulipata wenzetu, mume na mke wastaafu, tukashuka pamoja. Ni uungwana, tena ni uchumi: kila mara loki inapomwagwa, zaidi ya lita 200,000 huteremka na hazirudi kwa hiari. Wawili wakishuka pamoja wametumia maji ya mmoja.

Hatari iko nyuma. Chini ya milango ya juu kuna kizingiti cha mawe ambacho hukioni loki ikiwa imejaa. Tezi ikikalia kizingiti wakati maji yanashuka, omo inaendelea kushuka, tezi inabaki juu, na chombo kinajimwaga majini mzima mzima. Ukutani wamechora mstari mweupe: tezi ikae mbele ya mstari huo. Shemeji, ambaye kwa kawaida ana utani, hapo hana utani kabisa. Macho mstarini, mkono kwenye gia.

Mama alizungusha ufunguo. Mara tatu, akapumzika, mara tatu tena. Kra-kra-kra. Upande wa chini wa lango maji yakachemka meupe. Boti ikaanza kuzama taratibu kati ya kuta zenye ukoko wa kijani, shemeji akaenda nayo, kwanza kiuno kikapotea, kisha kifua, hadi mama alikuwa akimwangalia mkwe wake kutoka juu, khanga shingoni, uso umeelekezwa mstarini.

"Kwetu," mama alimwambia mama mstaafu wa boti ya pili, kwa Kiswahili, bila wasiwasi wowote, "maji hujaa na kupwa saa sita kwa saa sita kwa amri ya Mungu. Nyie mmeifungia bamvua sandukuni." Yule mama akajibu kwa Kiingereza kwamba ndiyo, hali ya hewa imekuwa nzuri sana.

Milango ina boriti ndefu za kusukumia. Unageuka, unaegemeza makalio, unarudi kinyumenyume ukikanyaga mawe yaliyotokeza ardhini kwa kazi hiyo. Haifunguki kwa nguvu. Unaweza kuleta vijana kumi. Kama maji ya ndani na nje hayajalingana hata kwa upana wa kidole, lango limenuna. Yakilingana, utasikia kama limekata pumzi, na mtoto anaweza kulianzisha. Mpwa wangu alishika boriti moja na bibi yake. Walirudi nyuma pamoja, hatua ndogo ndogo, lango likafunguka mbele ya boti kama pazia.

Saba zilituchukua saa moja na nusu. Mama hakutoa ufunguo mkononi hata alipokunywa chai.

Kwenye tope

Chini ya loki ya mwisho mto Tove unaingia mferejini na kutoka tena mbele kidogo. Tulikutana na boti kwenye kona nyembamba, shemeji akasogea kulia kwa uungwana kupita kiasi, na tukasikia mchakacho chini ya miguu. Boti ikasimama. Kinyumenyume: povu jeusi, hakuna kitu. Mbele: hakuna kitu. Yule tuliyempisha akatuombea heri na kwenda zake.

Juu ya paa hulazwa fimbo ndefu ya mti. Shemeji aliichukua. Mama akatokeza kichwa mlangoni.

"Mna upondo!" alisema. "Mmekuwa na upondo siku zote hizi, mmenyamaza?"

Na kwa mara ya kwanza alivuka mpaka. Alipita jikoni, akapita choo, akapita chumba cha wenyewe akifumba jicho moja, akatokea tezi. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Boti hii haina ngama ya kurejea, ina friji. Akatoa amri. Sisi watatu tuende ubavu wa kushoto, tupande kule kwenye maji marefu, tuitikise. Mkwe asisukume mbele, aing'oe omo kwanza kwa upondo, kando, taratibu, injini isiguswe. Nilitafsiri nusu, nusu nyingine aliielewa kwa mikono. Tukatikisa. Upondo ukazama topeni, shemeji akauegemea kwa uzito wote, boti ikaguna, ikateleza.

"Vizuri sana," shemeji alisema, kwa Kiswahili safi.

"Ahsante, mkwe," akajibu mama, akarudi omo.

Tumelala Grafton Regis, vigingi viwili vya chuma vimepigwa nyundo ardhini na kamba kufungwa. Kijiji hiki ndiko inakosimuliwa kuwa mfalme Edward wa Nne alimwoa Elizabeth Woodville kwa siri mwaka 1464. Mama akauliza kama wazazi walijua. Nikasema wa mfalme hakuambiwa, mama wa bibi harusi alikuwepo. "Basi ilikuwa ndoa," akasema, akageuza samaki kikaangoni. Alikula nasi. Sahani yake aliishika mkononi, mgongo kaupa mkwe nusu, lakini alikula nasi.

Jumapili, hadi Wolverton

Niliamshwa na tuku-tuku-tuku. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala juu ya maji kama sufi. Nikachungulia nyuma. Mama kashika kana. Shemeji yuko kando yake, hatua moja, mikono nyuma, anatazama mbele. Hawazungumzi. Dada amesimama jikoni na kikombe, anawaangalia kupitia dirisha, machozi yanamtoka, akaniambia ni kitunguu. Hapakuwa na kitunguu.

Chombo kilikuwa kinakwenda katikati ya mfereji, kimenyooka kama uzi. Hakuna nyoka hata mmoja. Mdiria alikata mbele yetu, mstari wa buluu, akapotea. "Huyu hata kwetu yuko," mama alisema. Ndiyo maneno pekee niliyoyasikia kwa nusu saa.

Cosgrove tukapita chini ya daraja la mawe lenye nakshi kama dirisha la kanisa, kisha loki moja fupi, ambayo mama aliifungua kwa ufunguo wake kana kwamba ni jiko la nyumbani. Na mara baada ya hapo, daraja la maji. Mto Great Ouse uko chini kabisa, na mfereji unaupita kwa juu, ndani ya hori la chuma cha kuyeyushwa lililowekwa mwaka 1811, baada ya la matofali kuporomoka mwaka 1808. Boti juu ya maji, maji ndani ya chuma, chuma juu ya nguzo, chini mto mwingine na ng'ombe wanakunywa. Mama alitazama chini mara moja, akarudisha macho mbele, akamwachia mkwe kana. "Hapa pashikwe na mwenye chombo," alisema.

Tulimaliza Wolverton, karibu na ukuta mrefu uliochorwa treni kwa nyeusi na nyeupe. Dada na mumewe wanabaki na mtoto, kesho ni mapumziko ya kitaifa, watairudisha boti polepole. Mimi nina kazi na mama ana miguu inayouma. Treni ya kwenda Northampton ilituchukua chini ya nusu saa. Mama alitazama dirishani akaona mistari tu, akalala.

Simu ya dada ilinikuta nyumbani saa kumi na mbili jioni. Wako Cosgrove mbele ya loki. Shemeji ana ufunguo mmoja, wa pili haonekani, wamepekua hadi chini ya godoro. Je, mama anaujua?

Nikamtazama mama. Mama akatazama kikapu chake cha ukili kilichokuwa mlangoni, kimefunikwa khanga, kimeinama upande mmoja kwa uzito.

"Mwambie mkwe wangu upo salama," alisema. "Aje kuuchukua mwenyewe Jumamosi. Nitapika pweza."